Maisha ya Bibi Maria Kirch, Mtazama Nyota



Majina ya miji miwili ya Ujerumani, yaani Leipzig na Berlin, si mageni katika sharika zetu. Wamisionari wa Berlin waliingia nchi ya kusini, upande wa Ziwa Nyasa, mwaka wa 1891, na wale wa Leipzig wakafika Kilimanjaro mwaka wa 1893. Lakini yapata miaka mia mbili kabla ya hapo aliishi mwanamke mmoja, binti wa mchungaji wa Kilutheri, aliyezaliwa karibu na mji ule wa kwanza, akafanya kazi na kufa katika ule wa pili. Kazi yake ilikuwa kutazama nyota na kutengeneza kalenda. Aliifanya akiwa mke, tena akiwa mama wa watoto wanne, na mwisho akiwa mjane. Mwezi huu napenda kuwasimulia habari zake, kwa kuwa mna ndani yake mambo ya kumtia mzazi moyo, na jambo moja la kumtia hofu kila aketiye barazani.

Maria Margaretha Winkelmann alizaliwa tarehe 25 Februari mwaka wa 1670, katika kijiji cha Panitzsch, katika nchi ya Saksonia. Siku zile vyuo vikuu vya Ujerumani vilikuwa vya wanaume tu, na msichana aliyejua kusoma, na katekisimu, na kazi za nyumbani, alihesabiwa kuwa amekwisha kufundishwa. Lakini baba yake Maria, aliyekuwa mchungaji, aliona ni haki binti apate elimu sawasawa na ile wanayopewa wana wa kiume. Kwa hiyo akamfundisha mwenyewe nyumbani. Hakuishi kuyaona matunda ya kazi hiyo. Maana Maria alipofika umri wa miaka 13 alikuwa yatima, baba na mama wote wawili wamekwisha kufa. Ndipo mume wa dada yake akaendelea kumfundisha.

Karibu na kijiji chao, mahali paitwapo Sommerfeld, alikaa mkulima mmoja jina lake Christoph Arnold. Mchana alilima shamba lake, na usiku alizitazama nyota kwa darubini. Hakuna chuo kilichomfundisha. Alijifunza mwenyewe, hata wataalamu wakamjua na kumheshimu. Mwaka wa 1683 aliona nyota yenye mkia, na mwaka wa 1690 akaangalia jinsi sayari ya Utaridi ilivyopita mbele ya jua. Maria akaenda kwa mkulima huyo kujifunza. Kwanza alikuwa mwanafunzi, kisha msaidizi wake, akikaa pamoja na jamaa ya Arnold nyumbani mwao. Hapo alizoea kukesha katika baridi, kuelekeza darubini, kupima kimo cha nyota, na kuandika yote aliyoyaona pasipo kuongeza wala kupunguza.

Katika nyumba ya Arnold alifahamiana na Bwana Gottfried Kirch, mmoja wa wataalamu wa nyota waliosifiwa zaidi katika Ujerumani. Mwaka wa 1680 bwana huyu alikuwa amegundua nyota kubwa yenye mkia, nayo ilikuwa ya kwanza kabisa kuonekana kwanza kwa darubini kabla haijaonekana kwa macho matupu. Alikuwa mjane, naye alimzidi Maria umri kwa miaka 30. Jamaa ya Maria walitaka aolewe na mchungaji kijana. Kwa macho ya watu ndoa hiyo ingalifaa zaidi. Lakini Maria alijua kwamba akiwa mke wa mchungaji ataiacha darubini. Mwanamke hakuwa na njia ya kufanya kazi ile peke yake. Akamchagua Kirch, na jamaa yake mwisho wakakubali. Wakaoana mwaka wa 1692.

Basi tusidhani kwamba mambo ya Maria yalikuwa ya ajabu mno wakati ule. Katika Ujerumani ya siku zile kazi za ufundi zilifanyika nyumbani, na mke wa fundi alikuwa mkono wa kuume wa mumewe. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa elimu ya nyota. Wachunguzi wa mambo ya kale wamehesabu kwamba tangu mwaka wa 1650 hata mwaka wa 1710, katika kila watu 100 waliofanya kazi hiyo Ujerumani, kama 14 walikuwa wanawake. Mlango wa chuo ulikuwa umefungwa, lakini mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Maria aliingia kwa mlango huo.

Katika nyumba yao kazi iligawanywa. Usiku mwingine mmoja alikesha, mwenzake akalala. Usiku mwingine wote wawili walikesha, mmoja akitazama upande wa kaskazini na mwingine upande wa kusini. Tangu mwaka wa 1697 waliandika pia habari za hali ya hewa. Asubuhi ilipofika, mambo yote ya nyumba yalimngojea Maria, kama yanavyomngojea mama yeyote, nayo yalipokwisha alikaa mezani kufanya hesabu.

Watoto hawakuwekwa mbali na kazi hiyo. Mwana wao Christfried alizaliwa mwaka wa 1694, na baada yake wakaja mabinti. Binti mmoja, Christine, alipokuwa mtoto bado, alipewa kazi ya kuhesabu muda kwa timazi inayobembea, wakati wazazi wake walipokuwa wakitazama mbinguni. Alipokua akafundishwa hesabu za kalenda. Hivyo mama huyu hakuwalea watoto upande mmoja na kufanya kazi upande mwingine, bali aliwalea ndani ya kazi, kama mwanamke wa kwetu amfundishavyo binti yake kulima kwa kumpa jembe dogo na kumweka kando yake.

Mwaka wa 1700 mtawala wa Brandenburg, aliyekuja kuwa mfalme wa Prusia mwaka uliofuata, aliunda chama cha wataalamu katika mji wa Berlin, kiitwacho Akademia. Mkuu wake alikuwa Bwana Leibniz, mtu mwenye akili nyingi, aliyejulikana Ulaya nzima. Chama kilihitaji fedha, nazo zikapatikana kwa njia ya kalenda. Mwaka huo huo Waprotestanti wa Ujerumani walikuwa wameitengeneza upya hesabu yao ya siku: walipofika tarehe 18 Februari waliruka siku 11, na siku iliyofuata ikaitwa tarehe 1 Machi. Kila nyumba ilihitaji kalenda mpya, nayo Akademia ikapewa haki ya kuziuza peke yake katika nchi ya mtawala huyo. Kalenda hizo zilionyesha kuchomoza na kuchwa kwa jua, miezi miandamo, mahali pa sayari, na kupatwa kwa jua na mwezi. Mambo hayo yote yalitaka mtu wa kuyahesabu mapema. Kwa sababu hiyo Gottfried Kirch aliitwa Berlin kuwa mtazama nyota wa Akademia, na Maria akaenda pamoja naye. Mshahara ulikuwa wa mume. Kazi ilikuwa ya wote wawili.

Tarehe 21 Aprili mwaka wa 1702, yapata saa nane za usiku, mbingu ilikuwa nyeupe na nyota zilionekana sana. Gottfried alikuwa amelala. Maria alikesha peke yake, akitafuta nyota fulani ambayo mumewe alikuwa ameiangalia siku zilizotangulia. Katika kuitafuta aliona nuru nyingine ambayo haikuwapo mahali pale zamani. Akamwamsha mumewe, naye alipotazama akasadiki kwamba ni nyota yenye mkia. Katika wanawake wote ambao habari zao zimeandikwa, huyu ndiye wa kwanza ajulikanaye kugundua nyota ya namna hiyo.

Kwa mwanamume ugunduzi kama huo ulikuwa mlango wa heshima na cheo. Lakini habari iliyopelekwa kwa mfalme ilikuwa na jina la Gottfried tu. Huenda Maria hakuweza kuitangaza mwenyewe kwa wataalamu, maana magazeti yao makubwa yaliandikwa kwa Kilatini, naye aliandika kwa Kijerumani, lugha ya mama yake. Mwaka wa 1710 ndipo Gottfried alipoandika wazi katika kitabu cha Akademia kwamba yeye alikuwa amelala, na mkewe ndiye aliyeiona kwanza. Ukweli huo ulikawia miaka minane, lakini ulisemwa, na ni vema tumshukuru mzee yule kwa kuusema kabla hajafa. Wataalamu wa leo huitaja nyota hiyo kwa alama ya C/1702 H1.

Baadaye Maria alianza kuandika kwa jina lake mwenyewe. Mwaka wa 1707 alieleza habari za ile nuru ya ajabu ionekanayo usiku katika mbingu za kaskazini. Alitoa pia vijitabu juu ya kukutana kwa jua na sayari za Zohali na Zuhura, na juu ya kukutana kwa Zohali na Mshtarii. Katika vijitabu hivyo yamo pia mawazo ya zama zake, watu walipozisoma nyota kuwa dalili za mambo yajayo. Lakini nguvu yake ilikuwa katika hesabu na katika kuangalia kwa uangalifu. Mwaka wa 1709 Leibniz alimpeleka mbele ya jamaa ya mfalme, naye akawaeleza habari za madoa yaliyomo juani. Leibniz alimsifu sana kwa barua, akisema kwamba mtu wa kulingana naye katika kazi hiyo hapatikani kwa urahisi.

Tarehe 25 Julai mwaka wa 1710 Gottfried alikufa. Maria alibaki mjane, mwana wake mkubwa akiwa na miaka 15. Aliandika barua kwa Akademia, akaomba apewe kazi ya msaidizi wa kutengeneza kalenda. Hakuomba cheo cha mumewe. Alieleza kwamba mumewe alimfundisha kazi hiyo, na kwamba alipokuwa mgonjwa ni yeye Maria aliyeitengeneza kalenda, ikatoka kwa jina la mume. Kwa maneno mengine, aliomba ruhusa ya kuendelea na kazi aliyokuwa akiifanya tayari, apate kuwalisha wanawe.

Leibniz alimtetea. Lakini wazee wa baraza walikataa. Angalieni sana sababu yao. Neno lililowasumbua halikuwa ujuzi wake. Katibu wa Akademia alimwandikia Leibniz kwamba hata wakati wa uhai wa Gottfried watu walikuwa wakikicheka chama kwa sababu kalenda yake inatengenezwa na mwanamke. Basi wakimweka mwanamke huyo wazi, watu watafumbua vinywa vyao zaidi. Tena waliogopa kwamba wakimkubalia huyu mmoja, itakuwa mfano kwa siku zijazo. Maria aliomba tena na tena muda wa mwaka mmoja na nusu. Mwaka wa 1711 Leibniz aliondoka Berlin, na tangu hapo hakukuwa na mtu wa kumsemea kwa nguvu. Jibu la mwisho likaja, nalo lilikuwa la kukataa. Maria aliona wazi kwamba amekataliwa kwa kuwa ni mwanamke, akazifananisha siku zake na safari ya jangwani, ambako maji ni haba, na hayo machache ni machungu.

Kazi ilipewa Bwana Johann Heinrich Hoffmann. Alikuwa mwanamume, hapo hapakuwa na wa kucheka. Lakini hakuitimiza kazi. Alichelewa, hakutazama nyota kama alivyopaswa, hata wakuu wake wakamkemea. Ikafika kiasi cha watu kushauri kwamba Bibi Kirch amsaidie. Sisi husema mcheza kwao hutunzwa. Bibi Maria alicheza kwao kwa miaka kumi, wala hakutunzwa.

Hakukaa kulia. Mwaka wa 1712 Bwana von Krosigk, mtu mkubwa wa Berlin aliyekuwa na mnara wake mwenyewe wa kutazamia nyota, alimkaribisha afanye kazi huko. Hapo alikuwa mkuu wa kazi, na wanafunzi wawili wakamsaidia. Mwenyeji huyo alipokufa mwaka wa 1714, Maria alikwenda Danzig, mji uitwao leo Gdansk, katika nchi ya Polandi, kumsaidia mwalimu mmoja wa hesabu. Hatimaye jamaa ya Hevelius, yule mtazama nyota maarufu aliyemfundisha Gottfried zamani, waliwafungulia Maria na mwanawe mnara wa marehemu. Hata Petro Mkuu, mfalme wa Urusi, aliwaita mama na mwana waje Moscow. Wageni walikuwa wakiitafuta kazi ambayo watu wa kwao waliikataa.

Mwaka wa 1716 Hoffmann alikufa, na Christfried akachaguliwa kuwa mtazama nyota wa Akademia. Mama akarudi Berlin pamoja naye, na binti Christine pia, wawe wasaidizi wake. Kijana aliyepewa cheo alikuwa amefundishwa na mama aliyenyimwa. Wakakaa katika mnara mpya wa Akademia, na kwa muda kazi ikaendelea kama zamani za Gottfried, jamaa nzima wakishirikiana.

Lakini wageni walipokuja kuutazama mnara, Maria alizungumza nao na kuwaeleza mambo ya nyota. Jambo hilo likawachukiza wazee wa baraza. Mwaka wa 1717 walimwonya kwamba asionekane sana, akae nyuma, amwachie mwanawe kusema. Alionywa tena, wala hakuweza kunyamaza juu ya mambo aliyoyajua kuliko wote waliokuwamo nyumbani. Mwezi wa Oktoba mwaka huo akaamriwa kuuacha mnara na kuhama. Walitumaini, hata hivyo, kwamba atapata nyumba ya karibu, ili Bwana Kirch kijana aweze kuendelea kula mezani pake. Yaani mikono yake ilitakiwa kwa chakula cha mtazama nyota, wala si kwa nyota zenyewe.

Maria akahama. Huko nyumbani kwake aliendelea kutazama kama alivyoweza, lakini hakuwa tena na darubini kubwa. Alikufa kwa homa mjini Berlin tarehe 29 Desemba mwaka wa 1720, akiwa na umri wa miaka 50.

Wasomaji wapendwa, habari hii haikuishia kaburini. Mabinti wake, Christine na Margaretha, walimsaidia ndugu yao Christfried mpaka alipokufa mwaka wa 1740. Walifanya kazi nyumbani, kimya, mbali na macho ya wageni. Wamejifunza kwa yaliyompata mama yao. Baada ya Prusia kuitwaa nchi ya Silesia, Akademia ilipata haki ya kuuza kalenda huko pia, na kazi ya kuzitengeneza ikamwangukia Christine. Aliifanya miaka mingi, na mwaka wa 1776 mshahara wake ulikuwa taler 400. Alikufa mwaka wa 1782. Basi chama kile kilichoogopa kuchekwa kwa ajili ya mama, kiliishi miaka mingi kwa kazi ya binti. Hata leo kuna sayari ndogo ambayo wataalamu wameipa namba 9815 na jina la Mariakirch.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara fikira zangu huwaendea watu wawili. Wa kwanza ni yule mchungaji wa Panitzsch. Hakuwa na mali ya kumwachia binti yake, wala hakujua ni mlango gani utakaofunguka. Alimpa elimu tu, na elimu hiyo ikamshika mkono binti yatima, na mjane, na mama wa watoto wanne. Ninyi walimu wa sharika mnaoulizwa na wazazi kama inafaa kumwacha binti aendelee na masomo ya hesabu na ya ufundi, wasimulieni habari za mzee huyu.

Wa pili si mtu mmoja, bali ni wazee wale wa Berlin. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye elimu, wenye heshima, tena Wakristo. Walijua nani aliitengeneza kalenda. Lakini walipoketi kuamua, waliuliza watu watasema nini, wala hawakuuliza kazi hii Mungu amempa nani. Kwa swali hilo walimnyima mjane riziki, wakajinyima wenyewe mtazama nyota aliyekuwa mlangoni pao. Sisi nasi tunaketi katika mabaraza. Mbele yetu huja mama mwenye kipawa, naye pengine ana mtoto mgongoni, akiomba kufanya kazi anayoiweza. Yule bwana aliyetoa talanta kwa watumwa wake alidai hesabu kwa yule aliyeifukia ya kwake. Je, atadai nini kwa wazee waliofukia talanta ya mwenzao?

Mwenyezi Mungu, aliyezitia nyota mbinguni, atujalie macho ya kuviona vipawa alivyovigawa kwa watu wake, na moyo usioogopa vicheko.